Mwacheni Akka Anunue Kavum

Nimechoka kuwasikia wanaume walioshiba wakivililia vyakula vya sikukuu. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akadhani nimekuja kumfundisha mapishi. Mapishi yatakuwemo, maana hakuna njia ya kuizungumzia kavum bila kuyataja mafuta yanayochemka. Lakini nimekuja kugomba.

Ugomvi wangu ulianzia Muscat, katika jiko ambalo halikuwa langu. Mimi ni mtoto wa Mombasa, na kwa miaka sita nilifanya kazi za nyumbani huko, mingi kati ya hiyo nikiwa na mwanamke wa Sri Lanka aliyenizidi miaka kumi na miwili. Kwao ni kijiji kimoja upande wa Kurunegala. Sikuwahi kumwita kwa jina. Nilimwita Akka, dada mkubwa, naye akaniita nangi, mdogo wake wa kike. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha jikoni, kile cha "lete" na "weka" na "haraka", na kwa maneno hayo machache tulisimuliana maisha yetu yote.

Kila ilipokaribia katikati ya Aprili, Akka aligeuka mtu mwingine. Tarehe 13 na 14 za mwezi huo Wasinhala na Watamili wa Sri Lanka huadhimisha mwaka mpya, pale jua, kwa hesabu za wanajimu wao, linapotoka nyota ya Samaki na kuingia nyota ya Punda. Wasinhala huuita Aluth Avurudda, au Avurudu kwa kifupi. Watamili huuita Puthandu. Jua ni lile lile na siku ni zile zile. Akka aliomba ruhusa ya kutumia jiko usiku baada ya kazi, akatoa kalibu yake ya shaba yenye umbo la ua, aliyokuja nayo ndani ya sanduku la nguo, akakaanga kokis chache tukala tumesimama.

Usiku wa tarehe 12 Aprili 2022 simu yake ililia tukiwa tunaosha vyombo vya futari. Aliyepiga alikuwa kaka yake mkubwa. Alikuwa amepita nyumbani kwa Akka na kumkuta mpwa wake, msichana wa miaka kumi na tisa anayeshona nguo kiwandani Katunayake, ameshuka kwenye basi na boksi la kavum za kununua. Hilo ndilo lililomkasirisha. Nilisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa sinki. Akka alijibu neno moja tu, "owu, aiya", ndiyo, kaka, mara nyingi kama mtu anayehesabu tasbihi. Alipokata simu alinitafsiria: kwamba nyumba yake haina Avurudu, kwamba mama ameuza desturi kwa riyali, kwamba binti anaweka peremende za maiti mezani. Halafu akaendelea kusuuza sufuria.

Nilimuuliza yule kaka mwenyewe hupika nini sikukuu. Akka alinitazama kama nimemuuliza kama ng'ombe husoma.

Nakiri kwamba wakati ule sehemu ya moyo wangu ilikuwa upande wa kaka. Chakula cha sikukuu cha kununua kina huzuni yake. Nilidhani labda anasema kweli, ila amesema kwa ukali. Ilinibidi niende Sri Lanka ndipo nikaona kile alichokuwa akikidai.

Akka alirudi kwao 2023. Mimi mkataba wangu uliisha mwaka uliofuata, na kabla ya kurudi Mombasa nikapitia kwake, nikaikuta Aprili. Mwaka huo alikuwa ameapa kufanya kila kitu kwa mikono yake, ili kaka yake anyamaze. Kwa hiyo niliona.

Mchele huloweshwa, hutwangwa, huchekechwa. Nazi hukunwa, tui hukamuliwa. Hapo mtu wa pwani anajiona yuko nyumbani, mpaka karai linapobandikwa. Konda kavum ni andazi dogo jeusijeusi la unga wa mchele na asali ya mti uitwao kithul, jamaa ya mnazi, lenye kishungi juu kama nywele zilizofungwa fundo. Kile kishungi hakitengenezwi na kalibu. Mpikaji humwaga uji mzito kwenye mafuta, akachomeka kijiti katikati, hata cha chelewa kinafaa, akawa anakizungusha huku mkono wa pili ukiuteka mafuta ya moto na kuyamwagia juu, mpaka unga upande kukifuata kijiti. Hufanyika moja moja. Akka alikaa kwenye kigoda mbele ya kuni tangu saa nane mchana hadi usiku, na nilipoacha kuhesabu tulikuwa tumepita mia.

Kokis hufanywa kwa unga wa mchele, tui na manjano. Kalibu hupashwa moto ndani ya mafuta, huchovywa kwenye uji usifike ukingoni, hurudishwa kwenye mafuta, hutikiswa hadi ua lijiachie. Kalibu ikipoa kidogo unga haushiki. Ikizidi moto unang'ang'ania. Aasmi ndiyo iliyonishinda kabisa kuielewa. Unga huchanganywa na maji ya majani ya mti fulani yanayoteleza kama mlenda, hudondoshewa kwenye mafuta kwa nyuzi nyembamba kupitia kifuu kilichotobolewa, hukunjwa kungali moto, huachwa siku kadhaa, kisha hukaangwa tena na kumwagiwa shira ya rangi ya waridi. Na kalu dodol, ambayo kwa macho ni binamu ya halua yetu, ni tui, unga wa mchele na sukari guru, na humaanisha jambo moja tu: kukoroga. Saa baada ya saa, mpaka mafuta ya nazi yajitenge na mkono uanze kutetemeka wenyewe.

Mama yake Akka, bibi wa miaka sabini na kitu, alikoroga. Binti alikoroga. Mimi mgeni nilikoroga. Wanaume walikuwa nje wakifunga pembea kwenye mti, kazi iliyowachukua asubuhi moja na chupa mbili.

Kisha kikaja kile kipindi kiitwacho nonagathe, jua likiwa njiani kati ya nyota mbili, saa 12 na dakika 48 ambazo mwaka wa zamani umekwisha na mpya haujaingia. Moto huzimwa, hakuna kazi, hakuna kula. Watu huenda hekaluni au hukaa tu. Nilimwona Akka amelala kwenye mkeka mdomo wazi, mkono wake wa kulia una malengelenge matatu, na nikaelewa kwa nini huko mbinguni palipangwa mapumziko. Ilipotimia dakika iliyotajwa na wanajimu akaamka, akageukia upande waliousema, akawasha moto, akachemsha maziwa kwenye chungu kipya mpaka yakafurika. Akapika kiribath, wali wa tui unaosawazishwa kwenye sinia na kukatwa kwa umbo la almasi. Kaka yake akaja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikula kavum sita. Akasema, "Hii ndiyo Avurudu." Hakuuliza aliyepika amelala saa ngapi.

Basi hiyo ndiyo desturi anayoidai kwa simu. Anachodai ni siku tano za mgongo wa dada yake.

Wenzake wenye kalamu husema kwa maneno mazuri zaidi. Wao huandika juu ya asili, juu ya mikono ya mama zetu, juu ya maduka makubwa yanayoua utamaduni kwa plastiki. Nami nawaomba waanze na asili yenyewe. Kokis, ambayo hakuna meza ya Kisinhala isiyokuwa nayo siku hiyo, inaaminika kuwa imetoka kwa Waholanzi waliotawala pwani ya kisiwa kile, na jina lake ni neno lao la biskuti. Dodol ilikuja na Wamalay. Aluwa, vile vipande vyeupe vya unga na shira, inabeba jina lile lile la Kiarabu tunalolibeba sisi tukisema halua. Athirasa ya Wasinhala ni athirasam ya Watamili. Kila kilichomo kwenye sinia ya "asili" kilifika kwa jahazi au kilivuka ua wa jirani, na aghalabu kilivuka mikononi mwa mpishi. Leo mwanamke mwingine akivuka bahari kwa kazi, na kavum ikafika mezani kwa basi la Katunayake, ndipo tunaambiwa mambo yamechafuka?

Na hili la ua wa jirani ndilo hasa ninalotaka kulisema.

Katika sikukuu ile, baada ya mlo wa kwanza, sinia hufunikwa kitambaa na kupelekwa kwa majirani. Nyumba ya Kisinhala itapeleka kavum na kokis; nyumba ya Kitamili itakuwa na murukku, vadai, payasam na wali mtamu wa pongal. Waislamu hawana mwaka mpya Aprili, lakini hupelekewa, na Idi ikifika hurudisha watalappan, ile kastadi ya tui na sukari guru yenye harufu ya iliki. Vyakula vile vyote vikavu vya kukaanga vina maana hiyo: vidumu siku nyingi, vitembee, vimngoje mgeni. Familia moja haiwezi kumaliza kavum mia. Zilipikwa mia kwa sababu nyumba ni nyingi.

Sasa niambieni nani aliyeizuia sinia isivuke ua. Je, ni duka? Sheria ya 1948 iliyowanyima uraia Watamili wa mashamba ya chai haikuandikwa na mwenye duka la peremende. Julai 1983, nyumba za Watamili zilipochomwa Colombo na kwingineko na wenyewe wakauawa, hakuna aliyeuliza kama murukku yao ilikuwa ya mkono au ya mashine. Vita vilivyofuata vilidumu hadi 2009. Miaka ishirini na sita, watoto wa pande mbili wakikua bila kujua jirani hukaanga nini. Huko Muscat, ghorofa ya juu yetu, alifanya kazi mwanamke wa Kitamili kutoka Batticaloa. Akka ana binamu aliyekuwa askari na hakurudi. Yule ana kaka asiyejulikana alipo. Mara ya kwanza waliogopana. Mwaka wangu wa pili, kokis tano zilipanda ngazi zimefunikwa kwa taulo la jikoni, na sahani ikashuka na murukku. Naye Akka alimwita akka, maana neno ni moja kwa Kisinhala na Kitamili. Kwao wasingekutana kamwe. Walikutanishwa na utumwa wa mshahara kwenye paa la mtu mwingine, na unga wa mchele ulikuwa wa dukani.

Huko Kurunegala nako jirani wa Akka ni Mwislamu. Sinia ilikuwa ikivuka kila mwaka tangu mama zao. Aprili 2019, wiki moja baada ya Avurudu, yakatokea mashambulizi ya Pasaka. Mwezi uliofuata makundi ya watu yakavamia maduka, nyumba na misikiti ya Waislamu katika mkoa ule ule wa Kaskazini Magharibi. Nyumba ya jirani haikuguswa. Lakini kaka yake Akka, yule yule mlinzi wa desturi, alitoa amri: hakuna kuwapelekea kitu tena. Akatiiwa. Miaka ikapita, sinia ikakaa kabatini.

Boksi lile la 2022, lile la peremende za maiti, mnajua lilikwenda wapi? Mwaka ule Avurudu iliangukia Ramadhani. Binti aliongea na bibi yake, akapanga kavum za dukani kwenye sinia, akakata na kiribath kidogo, akafunika kitambaa, akasubiri adhana ya magharibi ndipo apite uani, ili wale wafuturu nazo. Hakumwomba mjomba ruhusa. Kwa Kisinhala mjomba huitwa mama, na mimi husema moyoni kwamba huyu amelipata jina bila kuifanya kazi yake. Mwezi wa Mei, Idi ilipofika, watalappan ikarudi kwenye sinia ile ile. Akka alinionyesha picha kwenye simu mara tatu siku hiyo.

Kwa hiyo nikiulizwa ni nani kati ya wawili hawa aliyeitunza Avurudu, jibu langu ni yule mshona nguo mwenye boksi.

Tuzungumze na fedha pia, maana wanaolia hawapendi kuzigusa. Kwa miongo kadhaa mishahara ya wafanyakazi walio ng'ambo, pamoja na nguo zinazoshonwa na wasichana kama binti yake Akka na chai inayochumwa na wanawake wa Kitamili milimani, ndiyo iliyoiletea Sri Lanka sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Na bado mwaka 2013 serikali ilianzisha utaratibu wa kuichunguza familia ya mwanamke anayetaka kwenda kufanya kazi za nyumbani nje, na mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano akazuiwa. Wababa walipanda ndege bila kuulizwa watoto wamebaki na nani. Kisha ikaja 2022. Siku ile ile ya simu ya kaka, tarehe 12 Aprili, serikali ilitangaza kwamba inasimamisha kulipa madeni yake ya nje. Gesi haikupatikana, mafuta ya taa yalikuwa ya foleni, na Benki Kuu ikawaomba raia walio ng'ambo watume fedha. Mama yule yule aliyehesabiwa kosa la kuondoka akaombwa aiokoe nchi, na kwenye simu ya pili akaulizwa kwa nini hakukaanga.

Siku mbili baadaye, kwenye uwanja wa Galle Face mjini Colombo, mbele ya ofisi ya rais, waandamanaji waliokuwa wamepiga kambi waliadhimisha mwaka mpya kwa kugawana kiribath na kavum barabarani. Walikuwa Wasinhala, Watamili, Waislamu, Wakristo. Sidhani kuna aliyeigeuza kavum yake kutafuta lebo ya duka.

Sitaki nionekane mtu asiyejua ladha. Kavum ya dukani mara nyingi ni ngumu, mafuta yake yamekaangia mara nyingi, na kishungi chake kimelala. Aasmi ya kununua haikunjiki mdomoni kama ile niliyoila kwa mama yake Akka. Na ujuzi ule utapotea. Bibi yule akifa, atakwenda na kifuu chake. Ni hasara, nami inaniuma. Lakini hasara hiyo ina dawa, na dawa yake si kumpigia simu mwanamke saa tatu usiku. Ujuzi unaopotea hufundishwa. Mfundisheni kijana wa kiume kuzungusha kijiti. Mafuta hayachagui ngozi. Na kama hamtaki kukaa mbele ya karai, mlipeni anayekaa. Kavum nyingi za dukani zimekaangwa na mwanamke mwingine wa kijiji kingine, kwa ujira. Mnachokiita kifo cha desturi ni mara ya kwanza kwa mkono huo kulipwa.

Nimeyasema haya kwa Kiswahili kwa sababu sauti ile ya kwenye simu niliitambua. Ninaye mjomba wangu mwenyewe Mombasa ambaye kila Ramadhani huonja kaimati, akauliza kama ni za nyumbani au za kununua, akatikisa kichwa kuwasikitikia wanawake wa siku hizi. Hajawahi kukanda hata ngumi moja ya unga. Majirani waliokuwa wakipelekewa futari enzi za nyanya yangu, yeye ndiye aliyewakatalia njia kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Sinia yetu ilikufa kwa ajili ya futi mbili za ardhi, lakini lawama ameziweka kwenye kaimati. Sikuwahi kumjibu. Kwetu mdogo hamjibu mkubwa, kama vile Akka asivyoweza kusema zaidi ya "owu, aiya". Ndiyo maana nayaandika.

Aprili hii Akka amenitumia picha. Kokis kakaanga mwenyewe, kwa kalibu ile ya Muscat, kwa sababu kokis anazipenda. Kavum, aasmi na dodol amenunua. Masinia ni matatu, yamefunikwa, yamepangwa mlangoni, na moja najua linakokwenda. Chini ameandika kwa Kiarabu chetu kibovu kwamba amelala saa nane, na kwamba kaka yake amenuna.

Mwacheni anune. Akka mwacheni anunue. Na kama kweli kavum ya dukani inamkera kiasi hicho, unga upo, karai lipo, kuni ziko uani, na chelewa iko nyuma ya mlango.